Mkitaka filamu ya onyesho lenu, anzeni na sauti

Napiga gitaa la besi katika bendi ya roki, na tuliwahi kurekodi maonyesho ya usiku mbili mfululizo kwa ajili ya filamu. Ukumbi ulijaa siku zote mbili, kamera zilikuwa sita, na sisi tulipiga kama hatujawahi kupiga. Wiki tatu baadaye tukaketi kwa mhariri, akatuwekea kipande cha kwanza. Nilinyong'onyea. Kwenye picha watu wameinua mikono, midomo wazi, wanaitikia kiitikio pamoja nasi. Kwenye sauti hayupo hata mmoja. Tulisikika kama watu wanne waliojifungia chumbani.

Kilichotokea ni hiki. Fundi alirekodi yale tu yaliyopita kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, yaani maikrofoni za jukwaani: ya mwimbaji, za drams, za spika za magitaa. Maikrofoni hizo huwekwa karibu kabisa na mdomo au spika, makusudi, ili zisidake kelele za pembeni. Ukumbi mzima ukawa haujarekodiwa. Tuliokolewa na vimaikrofoni vya kwenye kamera, vilivyokuwa vinakwaruza, na kila nikiitazama filamu ile nasikia mkwaruzo huo.

Kwa hiyo, kabla hamjauliza habari ya kamera, ulizeni nani atarekodi watu. Wekeni maikrofoni mbili kwenye kingo za jukwaa zikiwaelekea mashabiki, na mbili nyingine nyuma ya ukumbi, kila moja na njia yake ya kurekodia. Za nyuma zina jambo lake: sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo maikrofoni iliyo mita 30 kutoka jukwaani huipata ngoma ikiwa imechelewa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mhariri asipoirudisha nyuma kidogo, mdundo unasikika mara mbili.

Vyombo navyo virekodiwe kila kimoja peke yake. Msikubali kupewa ile sauti iliyokwisha kuchanganywa kwa ajili ya ukumbi. Ukumbini drams na magitaa husikika zenyewe, ndiyo maana fundi huzipandisha kidogo tu kwenye spika na nguvu nyingi anampa mwimbaji. Ukiichukua sauti hiyo ukaipeleka kwenye filamu, mwimbaji anakaa juu ya kila kitu na drams zinasikika kama zinapigwa nyumba ya jirani.

Jambo la saa nalisema kwa ufupi, lakini msilipuuze. Kamera zote na kinasa sauti vifuate saa ileile, ili picha na sauti ziende pamoja. Vifaa vya kuzifunganisha vipo, na hukodishwa. Mkivikosa, mtu asimame mahali kamera zote zinamwona apige kofi moja kubwa kabla ya wimbo wa kwanza, na arudie kila mnaporekodi upya. Kofi hilo linazilinganisha picha na sauti mwanzoni tu. Kila kifaa kina mwendo wake, na baada ya saa nzima unaweza kuona kijiti kimegusa ngozi ya ngoma na mlio haujafika. Mwenye macho makali huona hata tofauti ya fremu mbili, yaani picha mbili tu za mfululizo.

Sasa niseme kosa letu sisi wanamuziki, maana hili halikuwa la fundi. Tulidhani usiku mbili ni akiba: kibaya cha leo kitazibwa na cha kesho. Usiku wa kwanza tulikuwa na mori, mpiga drams akakimbiza nyimbo karibu zote. Usiku wa pili tulitulia. Mhariri alipojaribu kuchukua mkono wangu wa Jumamosi auweke juu ya sauti ya Ijumaa, vidole viligusa nyuzi mahali pasipo na noti. Isitoshe mpiga gitaa alikuja na shati jingine. Akiba yote ikageuka filamu mbili zisizochanganyika. Mpeni mpiga drams metronomu, yaani mlio wa kuhesabu mwendo wa wimbo, sikioni, angalau ya kuanzishia wimbo, na vaeni nguo zilezile hadi viatu. Hata wakubwa yaliwakuta. Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, walirekodiwa ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Julai 1973, ikaonekana picha zina mapengo. Ilibidi warudie kujirekodi studio ya Shepperton, Uingereza, mwaka 1974, na mpiga besi wao, John Paul Jones, akavaa nywele za bandia kwa sababu zake alikwisha kuzikata. Siwezi kuitazama filamu hiyo bila kuangalia nywele.

Wapiga picha wapewe nyimbo mapema. Si majina tu: waandikieni wimbo kwa wimbo nani anaanza, solo ya gitaa inaingia wapi, wapi drams zinabaki peke yake. Wetu walikuwa hodari, ila hawakuzijua nyimbo, na solo bora ya usiku ule ina picha safi kabisa ya mgongo wa mwimbaji. Mpangane pia ni kamera ipi inabadilisha kadi na betri wakati gani, zisizime pamoja. Katika onyesho la kuaga la bendi ya roki iitwayo The Band, San Francisco, Novemba 1976, mwimbaji wa bluzi Muddy Waters alipanda kuimba wakati kamera nyingine zimesimama, na iliyobaki inazunguka ni moja, ya mpiga picha László Kovács. Tunamwona Muddy leo kwa sababu ya kamera hiyo moja.

Kama mnapiga wimbo wa mtu mwingine, ombeni idhini ya filamu kabla ya siku yenyewe. Ruhusa ya kuupiga ukumbini haiwapi haki ya kuuweka kwenye picha. Sisi tuliukata wimbo ambao watu waliupenda kuliko wote, na bado unaniuma. Mlangoni bandikeni tangazo kwamba watu watarekodiwa. Taa na skrini za jukwaani zijaribiwe mbele ya kamera mchana, kwa sababu nyingine huonekana sawa kwa macho na kwenye picha zinapiga mistari.

Na kamera moja iwape mgongo usiku kucha. Ifanye kazi ya kuwatazama waliokuja, basi. Mwongozaji alitaka zote sita zituelekee sisi. Mpiga picha mmoja akageuka kwa hiari yake, dakika chache tu, katikati ya wimbo wetu wa polepole. Alimpata mwanamume wa makamo, safu ya tatu, amefumba macho, kofia ameibana kifuani, anaimba. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote za filamu ile. Nimeirudia mara nyingi nikisoma midomo yake, na nina hakika beti ya pili ameibadilisha maneno. Aliimba nini, hakuna maikrofoni iliyomsikia.