Jibu: Mikrovolti za watu wawili hazilinganishwi hivyo
Ndugu, umeuliza kwa nini kwenye EMG, yaani kipimo cha umeme wa msuli kinachosomwa juu ya ngozi, mwenzako anaonyesha mikrovolti (sehemu za milioni za volti) nyingi kuliko wewe kwenye msuli wa mbele ya paja, ilhali mnachuchumaa na uzito uleule. Namba hizo hazilinganishiki. Mafuta chini ya ngozi hufifisha mawimbi ya umeme, na elektrodi (kibandiko kinachonasa umeme huo) ikisogea kidogo tu, usomaji unabadilika.

Kwanza kila mtu akaze msuli huo kwa nguvu zake zote, goti likiwa limezuiliwa lisinyooke, kwa sekunde 3 hadi 5. Hiyo ndiyo asilimia 100 yake. Vipimo vya kuchuchumaa vihesabiwe kutoka hapo.

Ngozi ndiyo inayoharibu kazi za wengi: nyoa vinyweleo, sugua kwa spiriti, iache ikauke kabisa. Elektrodi mbili ziachane sentimita 2, kati hadi kati, zikifuata mwelekeo wa nyuzi za msuli. Waya zishikilie kwa plasta, maana zikiyumba zinaleta mawimbi ya uongo, na chujio la hezi 20 (linalopunguza mawimbi ya polepole, yanayojirudia chini ya mara 20 kwa sekunde) haliyaondoi yote.

Na tafadhali, mawimbi makubwa usiyaite nguvu kubwa. Msuli ukianza kuchoka, mawimbi hukua ingawa uzito haujabadilika.