Namba 2147483647: barua kwa mwanangu

Arua

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku nyumbani tu wazima, na mama yako anakusalimu. Uliniuliza kwa simu: mtu wa mwaka 1772, asiye na kompyuta, alijuaje kwa hakika kwamba 2147483647, ile namba inayokusumbua kwenye programu zako huko Kampala, ni namba tasa? Katika miaka yangu yote ya kufundisha hesabu sikuwahi kuulizwa swali lililonifurahisha kama hilo, ndiyo maana nakuandikia kwa utulivu.

Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Unakumbuka tangu shuleni kwamba namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, na hapa kipeuo hicho hakifiki 46,341. Lakini chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya elfu nne, na kuzijaribu zote kwa mkono ni kazi ya kumvunja moyo hata mwenye subira.

Yule mtu wa 1772 ni mwanahisabati Leonhard Euler, ambaye wakati huo aliishi St. Petersburg, Urusi, na alikuwa karibu kipofu kabisa, na hakuzijaribu zote. Tazama mfano mdogo: 2 kwa kipeo cha 11, ukitoa 1, ni 2047, yaani 23 mara 89. Gawanya 23 kwa 11, baki ni 1. Gawanya 89 kwa 11, baki ni 1 tena. Hilo si jambo la bahati, kwa sababu kipeo kikiwa namba tasa, kila kigawo tasa cha namba ya aina hii hubakisha 1 kikigawanywa kwa kipeo chenyewe. Zaidi ya hayo, kipeo kikiwa witiri, kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 hubakisha 1 au 7. Ukiyaunganisha masharti hayo kwa kipeo cha 31, vinasalia vile tu vinavyobakisha 1 au 63 vikigawanywa kwa 248, na namba tasa za namna hiyo chini ya 46,341 hazifiki mia moja! Namba yenyewe, kwa umbo lake, imekwisha kukataa karibu zote.

Ya kwanza ni 311. Niliigawanya jana jioni kwa kalamu: nilipata 6,905,092, baki 35. Ya pili ni 1303, baki 226. Euler alizimaliza zote bila kupata hata moja iliyogawa sawasawa.

Usione kuwa alijisumbua bure. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne alitangaza mwaka 1644 kwamba kipeo cha 31 na cha 67 vyote hutoa namba tasa. Cha 31 alipatia, lakini mwaka 1903 mwanahisabati Mmarekani Frank Nelson Cole alionyesha kuwa cha 67 hutoa 193707721 mara 761838257287.

Baada ya 1303 inakuja 1489. Igawanye wewe mwenyewe, kwa mkono, kisha uniandikie baki uliyoipata.

Baba yako