Mama akitafuna anaumia: apikiwe nini badala ya uji mtupu?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mama yangu ana miaka 68, tunaishi naye Mbagala. Aling'olewa magego mawili wiki iliyopita, na ya upande wa pili yanamuuma akitafuna. Sasa anakunywa uji mweupe, chai na supu ya mifupa basi. Ana kilo 58 na nguo zimeanza kumpwaya. Hana kisukari wala ugonjwa wa figo. Nimpikie nini kilaini kitakachomrudishia nguvu?

JIBU: Pole kwa kuuguza, na mama mfikishie pole zetu. Kinachompunguza ni maji. Uji mwepesi wa sembe, chai na supu ya mifupa vinajaza tumbo, hamu ya kula inaisha, na mwili haujapata cha maana. Hata hiyo supu tunayoiamini sana: protini nyingi inabaki kwenye nyama, siyo kwenye maji yaliyoichemsha. Chakula chake kiwe laini, lakini kiwe kizito.

Mtu wa umri wake anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani kwake gramu 58 hadi 70. Zinapatikana bila kutafuna: mayai mawili (gramu 12), maziwa au mtindi nusu lita (16), mnofu wa samaki uliopikwa gramu 100 (kama 20), kikombe cha choroko zilizoiva (14) na vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga iliyosagwa laini (7). Vigawe katika milo mitano au sita midogo, maana mdomo unaouma huchoka haraka.

Tuanze na uji, kwa kuwa ndio ameuzoea. Tumia ulezi uliochekechwa, upike kwa maziwa badala ya maji matupu. Tatizo ni kwamba ukiongeza unga, uji unakuwa mzito hadi haumezeki. Hapo ndipo kimea, yaani unga wa nafaka iliyochipua, kinaposaidia. Loweka kikombe cha ulezi usiku mmoja, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu hadi uchipue. Anika juani ukauke kabisa, pekecha vimizizi vitoke, kisha saga. Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya uvundo, tupa wote. Usitumie mtama kwa kazi hii, kwa sababu machipukizi yake yana kemikali inayotoa sumu ya sianidi.

Pika uji mzito kabisa, epua, uache upoe kidogo ila ubaki wa moto, kisha koroga humo kijiko kidogo cha kimea kwa kila bakuli. Ndani ya dakika tano hadi kumi utalainika na kunyweka, huku unga ukiwa uleule. Urudishe jikoni uchemke kidogo, halafu upoe ndipo anywe. Wengi hukosea kwa kutia kimea uji ukiwa unatokota: joto hilo linaua kimeng'enya chake kinacholainisha uji, na uji unabaki vilevile.

Unga wa lishe wa dukani uliochanganywa nafaka nyingi, karanga na soya siupendekezi kama hujui ulivyoandaliwa. Soya isiyopitishwa motoni vizuri huzuia mwili kutumia protini, na karanga zilizohifadhiwa vibaya huwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ambayo haiishi kwa kupikwa.

Kwa mchana, mtori ni chaguo zuri sana, ila usimpe mchuzi wake tu. Chemsha robo kilo ya nyama isiyo na mishipa kwenye sufuria ya presha kama dakika 40, saga nyama yenyewe kwa blenda pamoja na supu yake, kisha uiponde na ndizi zilizochemshwa hadi zikalainika. Bokoboko nalo linafaa, mradi ngano na nyama zimepondwa hadi zivutike. Samaki chukua nguru kutoka soko la samaki la Feri: miba yake ni mikubwa na huonekana. Mpike kwa tui, toa miba kwa vidole, ponda kwa uma. Dagaa waoshe mchanga mara kadhaa, wakaange wakauke, wasage na kuchekecha, kisha tia kijiko kikubwa kwenye boga au kisamvu. Choroko zipitishe kwenye chujio, maana maganda hujikunja kwenye fizi. Mayai yavuruge kwa maziwa, moto mdogo. Kiini cha yai lililochemshwa sana humeguka na kuganda kwenye kidonda.

Parachichi, papai na ndizi mbivu mpe kila siku. Papai na boga zitamsaidia choo pia, maana vyakula hivi laini huleta ugumu wa choo asipokunywa maji ya kutosha kati ya milo.

Kwa sasa aache ndimu, ukwaju, pilipili, wali mkavu, pasheni yenye mbegu, na biskuti za kuchovya kwenye chai, ambazo hubaki kwenye meno mabovu na kuyaozesha zaidi. Chakula kiwe vuguvugu. Asitumie mrija hadi kidonda kifunge, kwa sababu kufyonza kunaweza kung'oa damu iliyoganda na kuacha mfupa wazi. Akishakula asukutue taratibu kwa glasi ya maji vuguvugu yenye nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Kwa joto la Dar, chakula kilichosagwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kiweke kwenye friji na ukichemshe tena kabla ya kumpa.

Meno ya upande wa pili yanayouma yatazamwe wiki hii hii. Chakula hiki laini ni cha kuvukia tu, hakitibu jino. Maumivu ya kidonda yakizidi badala ya kupungua, au akitoa harufu mbaya mdomoni, nendeni kliniki ya meno siku hiyohiyo. Akipata homa, uvimbe wa shavu au shingo, au akishindwa kufungua mdomo au kumeza mate, mpelekeni hospitali mara moja, hata kama ni usiku.