Maswali yenu: Mbona wenye konsoli na watengeneza gemu hawaelewani?

SWALI: Mambo vipi mhariri, mi ni mpenzi wa gemu wa siku nyingi ila kuna kitu kinanitatiza. Sony, Nintendo na Microsoft wanahitaji gemu ili mashine zao ziuzike, na kampuni za gemu nazo zinahitaji hizo mashine, sasa mbona kila siku mvutano? Na je, niendelee kusubiri gemu zifike kwenye mashine yangu au ndo basi tena?

JIBU: Asante sana ndugu yetu. Wote wanapata hela kweli, ila mwenye konsoli, yaani hiyo mashine ya kuchezea gemu, mara nyingi anaiuza mashine kwa faida kiduchu au hata kwa hasara, halafu hela yake anairudisha kwa kukata kama asilimia 30 ya kila gemu inayouzwa kwenye duka lake la mtandaoni, kwa hiyo anataka gemu kali iwe kwake tu. Aliyeitengeneza kamwaga miaka na mamilioni ya dola, anataka iuzwe kila mahali. Ila kinachouma zaidi kwa maoni yangu sio hata hiyo 30, ni kwamba anayekukata ndo huyohuyo anayetunga sheria, na bado anatengeneza gemu zake zinazoshindana na zako!

Ishu ni ya zamani. Mwaka 1979 waandika programu wa Atari, kampuni ya mashine za gemu, waliondoka wakaanzisha Activision watengeneze gemu za mashine hiyohiyo, Atari wakawapeleka mahakamani, mwisho yakaisha kwa makubaliano ya Activision kuwalipa Atari asilimia, na mlango ukawa wazi kwa yeyote kutengenezea gemu mashine ya mwingine. Zikamiminika gemu mbovu, soko la Marekani likaanguka 1983. Ndo maana Nintendo walipokuja na mashine yao ya NES waliweka chipu ya kufuli ndani, katriji (kile kikasha cha gemu unachochomeka) isiyo na chipu pacha haiwaki. Na masharti sasa: gemu zisizidi 5 kwa mwaka, usiipeleke kwenye mashine nyingine kwa miaka 2, na katriji wanatengeneza Nintendo wenyewe, wewe unalipa kabla hujauza hata moja, zikidoda dukani shauri yako. Watengeneza gemu Konami ilibidi waanzishe jina lingine, Ultra Games, ili watoe zaidi ya hizo 5. EA, nao watengeneza gemu, waliichokonoa Genesis, mashine ya kampuni ya Sega, mpaka wakajua kuitengenezea gemu bila leseni, ndo wakakaa mezani 1990 wakapata dili nafuu. Square nao, watengeneza gemu wengine, wakaihama Nintendo maana mashine yake ya N64 iling'ang'ania katriji, gemu yao ya Final Fantasy VII ikatoka PlayStation 1997 kwenye CD 3.

Siku hizi vita iko kwenye masharti ya kiufundi. Chukua gemu ya Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023: Microsoft walitaka iwe na mambo yaleyale kwenye Xbox zao mbili, Series X yenye nguvu na Series S ya bei nafuu, sasa S ina memori ya GB 10 tu na ile ya watu wawili kucheza kwa kugawana skrini ikawa haiwezekani, basi Larian walioitengeneza wakakwama, wenye PS5 ya Sony wakaipata Septemba na Xbox ikasubiri hadi Desemba baada ya Microsoft kulegeza. Najua aliyenunua S aliahidiwa gemu zilezile, lakini kwanini mtengenezaji ndo abebe mzigo wa ahadi ambayo hakuitoa yeye?

Ila tusiwaonee wenye konsoli. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilipotoka na makosa kibao Desemba 2020, Sony waliiondoa dukani mpaka Juni 2021, na hapo mchezaji ndo alilindwa.

Kuhusu kusubiri, inategemea gemu ni ya nani. Ya kampuni isiyo na konsoli yake ikiwa imefungwa kwenye mashine nyingine kwa mkataba wa muda subiri tu, mara nyingi inakuja. Hata Microsoft tangu 2024 wanapeleka baadhi ya gemu zao PS5, Sea of Thieves ni mojawapo. Ila kama unachosubiri ni Mario au Zelda mpya, gemu za Nintendo wenyewe, hapo nunua mashine ya Nintendo tu.