Kuitambua neema siku ambayo hakuna ushuhuda

Muda wa shuhuda kanisani mara nyingi ni wa kazi iliyopatikana, mtihani uliofauliwa, mgonjwa aliyetoka wodini. Sawa kabisa. Ila anayeijua neema kwa shuhuda hizo tu huishia kuitafuta kwenye matokeo, na miezi ikipita bila jipya huanza kujiuliza amemkosea Mungu wapi. Mtume Paulo aliomba mara tatu "mwiba", yaani taabu iliyomsumbua mwilini, umtoke, na haukutoka. Jibu alilopewa ni "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:9), akaendelea na huduma mwiba ukiwa palepale.

Macho ya kuiona hujengwa kwa mazoezi. Kabla ya kulala, chukua daftari na dakika kumi, upitie siku tangu ulipoamka bila kuruka saa zilizokuchosha. Andika kwanza kitu ulichopokea bila kukitolea jasho, tena kwa jina lake: "jirani alimchukua mtoto shuleni nilipokwama kwenye foleni." Ukiandika "Mungu ni mwema" ukafunga daftari, hujatambua kitu. Halafu andika ubaya ambao ungeufanya lakini ukazuiwa: neno kali lililoishia kooni, ujumbe ulioufuta kabla ya kuutuma. Hapa ndipo wengi hupitwa, kwa sababu hakuna kilichotokea cha kusimulia. Lakini Tito 2:11–12 inasema neema ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya. Mwisho andika kosa lako la siku hiyo, bila kulipamba. Ukiliacha, daftari litageuka orodha ya mafanikio, na taratibu utaanza kusali kama yule Farisayo wa Luka 18 aliyeshukuru kwamba yeye si kama watu wengine.

Siku ya msiba usijilazimishe kushukuru. Andika unacholilia. Zaburi ya 88 inaishia gizani na bado ni sala.

Kipimo kigumu zaidi ni mwenzako anapopewa. Katika mfano wa Yesu wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu (Mathayo 20), walioajiriwa alfajiri walipatana dinari moja, ujira wa kutwa. Walioitwa saa kumi na moja jioni walifanya kazi saa moja tu, wakalipwa dinari ileile. Waliotangulia hawakupunjwa hata senti, lakini walinung'unika. Kwa hiyo aliyeokoka juzi akikabidhiwa kuongoza kwaya uliyoitumikia miaka mingi, angalia kifua chako kinasemaje kabla hujaongea na mchungaji. Uzoefu wa kuongoza waimbaji ni hoja halali. "Mimi nilitangulia" ndiyo ile ya wafanyakazi wa asubuhi.

Kuna pia wanaosema "tuko chini ya neema" deni linapodaiwa. Paulo alishawajibu kwenye Warumi 6 kwa neno moja: "Hasha!" Mtazame Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Luka 19. Yesu alijialika nyumbani kwake kwanza, watu wakiguna, ndipo Zakayo akaahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Mpangilio huo usiugeuze: hulipi ili upokelewe, unalipa kwa kuwa umeshapokelewa. Basi kama daftari linataja jina la mtu uliyemdhulumu usiku baada ya usiku, toba ya chumbani imeshafika kikomo. Andika kiasi kamili unachodaiwa, mpigie simu, mwambie utalipa kiasi gani na tarehe ngapi. Huna chote? Anza na ulichonacho, na usimwombe akusamehe deni kwa sababu nyote mmeokoka.