Kwa mnaoanza mdahalo: kwa nini Urusi iliivamia Ukraine?

Wadogo zangu mnaojiunga na klabu ya mdahalo mwaka huu, mada ya Urusi na Ukraine mtakutana nayo tu. Nimeisimamia mara nyingi tangu 2022, na vijana hukwama pale pale kila mara: wanaulizwa nini kiliisukuma Urusi kuvamia, wao wanajibu kama ilikuwa na haki. Ukieleza kilichomsukuma mvamizi hujamtetea. Na ukimlaani, bado hujaeleza kitu.

Nilikuwa na binti mmoja, msemaji hodari. Mwaka 2023 alisimama akasema vita vililetwa na NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na nchi nyingi za Ulaya, kusogea mashariki, ukumbi mzima ukapiga makofi. Mpinzani wake akamwuliza swali moja: "Finland imeingia NATO Aprili hii, na inapakana na Urusi kwa zaidi ya kilomita 1,300. Mbona haijavamiwa?" Binti akaitazama karatasi yake, akaigeuza, akaigeuza tena. Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha kusema, sikumfundisha kuipima hoja yake kabla hajaipeleka mezani.

Hoja yenyewe haikustahili kufa pale. Aprili 2008, kwenye mkutano wa Bucharest, NATO ilitangaza kwamba Ukraine na Georgia zitakuja kuwa wanachama, bila kutaja lini. Agosti mwaka huo huo Urusi ilipigana na Georgia. Desemba 2021 Moscow ilidai kwa maandishi kwamba NATO isipanuke tena. Binti angeweza kujibu kwamba machoni pa Moscow Ukraine si sawa na Finland, kwa sababu ya Bahari Nyeusi na kituo cha manowari za Urusi cha Sevastopol, kwenye rasi ya Crimea.

Ila jibu hilo linafungua mlango mwingine: kwa nini Ukraine iwe tofauti hivyo? Hapo msikilizeni Rais Putin wa Urusi mwenyewe. Julai 2021 aliandika makala ndefu akidai Warusi na Waukraine ni watu wamoja. Tarehe 21 Februari 2022, siku tatu kabla ya uvamizi, alisema Ukraine ya leo iliundwa na Lenin na Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka Urusi mwaka 1917. Septemba akatangaza mikoa minne ya Ukraine, ukiwemo Kherson, kuwa ya Urusi. Anayeogopa NATO tu, Kherson aifanye yake ya nini? Mimi nimeshafikia uamuzi: hofu ilikuwepo, lakini kilichobeba uzito zaidi ni kutokubali kwamba Ukraine ni taifa. Mnaweza kunipinga, mradi mje na tarehe.

Dai la kuwalinda wasemao Kirusi lipimeni hivyo hivyo. Mariupol na Kharkiv ni miji yenye wasemaji wengi wa Kirusi, na ndiyo iliyopigwa mabomu vibaya sana.

Atatokea wa kusema, "Mbona Marekani iliivamia Irak 2003?" Mkubalieni, maana ulikuwa uvamizi kweli, kisha mrudisheni kwenye mada. Irak haituelezi mizinga ilielekea Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, kutafuta nini.

Kwa sisi wa huku, someni hotuba ya balozi wa Kenya, Martin Kimani, mbele ya Baraza la Usalama usiku ule wa 21 Februari. Aliikumbusha dunia kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa na wakoloni, na tulipopata uhuru tukaamua kuishi nayo badala ya kuitafutia vita. Machi 2, katika Baraza Kuu, nchi 141 zilipinga uvamizi, 5 zikauunga mkono, 35 hazikuegemea upande. Kenya ilikuwa kati ya zile 141, Tanzania na Uganda kati ya zile 35. Msije mkasema Tanzania iliiunga mkono Urusi. Kutoegemea upande si kuunga mkono, na jaji makini atawakata alama.

Mwaka jana tulikuwa tunakaribia kufunga mdahalo, kijana wa kidato cha tatu akanyoosha mkono kutoka nyuma. "Mwalimu, Waukraine wenyewe walitaka nini?" Dakika arobaini zilikuwa zimepita, Washington na Moscow zikitajwa kila sentensi, na hakuna aliyewauliza wenye nchi. Nikaandika ubaoni: 1 Desemba 1991, kura ya maoni, zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walitaka uhuru kutoka Umoja wa Kisovieti. Hata Crimea, ambayo Urusi iliitwaa 2014, waliosema ndiyo walizidi nusu.