Gasketi mpya kila mara, oili bado inavuja

SWALI: Habari fundi. Pikipiki yangu nilinunua mpya na waranti bado ipo, ila inavuja oili kwenye kava la klachi. Nikiwapelekea waliouza wanabadilisha gasketi, naondoka pakavu kabisa, baada ya muda palepale pameloa tena. Sasa wananiambia injini za aina hii zinatoa jasho kidogo, nizoee. Ni kweli? Au nimpe fundi mwingine aipige silikoni yaishe?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Injini mpya haitakiwi kuvuja, na kuambiwa uzoee wakati waranti bado inaishi sio haki hata kidogo. Silikoni achana nayo, ikizidi inatokeza kwa ndani, inakatika vipande na vile vipande vinaenda kuziba chujio au njia za oili, halafu ukishafungua injini nje ya kwao umewapa sababu ya kukukatalia.

Kwanza tujue inatokea wapi hasa, maana oili inasukumwa na upepo na inateremka, unapoiona inadondoka sio lazima ndipo inapotoka. Osha injini vizuri na ikauke, halafu paka poda ya mtoto nyembamba kuzunguka lile kava na juu yake, washa mpaka ipate moto, chungulia na tochi. Mstari mweusi wa kwanza kuloa kwenye poda ndio chanzo, upige picha hapohapo. Ukianzia juu, kwenye kava la valvu, basi muda wote wamekuwa wakibadilisha gasketi isiyo na kosa!

Kama kweli ni kwenye kava, hakikisha oili haijazidi, pima pikipiki ikiwa wima sio kwenye stendi ya pembeni, na cheki mpira wa kupumulia wa injini haujabanwa wala kuziba, kwa sababu presha ya ndani ikikosa pa kutokea inasukuma oili kwenye gasketi na sili, hapo utabadilisha gasketi mpaka uchoke.

Hivyo viwili vikiwa sawa, mimi nashuku kava lenyewe au ukuta wa injini linapokaa. Waambie waweke rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake wapime na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, uso ukiwa umepinda hakuna gasketi itakayoshika. Pengine bolti moja uzi wake umekufa, haikazi. Na kuna kasoro ya kiwandani kabisa, aluminiamu imetoka na vitundu vidogo sana ndani yake na oili inapenya kwenye chuma chenyewe, hiyo dawa yake ni kubadilishiwa kipande kizima.

Kwahiyo ukirudi kwao usiombe gasketi, omba waandike chanzo. Kila ukiipeleka upewe karatasi yenye tarehe, kilomita, namba ya injini na walichofanya, na lalamiko uliandike kabla waranti haijaisha, ulipeleke pia kwa waliotengeneza na uwaulize kama namba ya pikipiki yako ipo kwenye zile ambazo kiwanda kiliziita zirudi kurekebishwa.

Wakati unasubiri pima oili kila asubuhi, na angalia tairi ya nyuma na breki, oili ikifika huko usiipande kabisa, wao ndio waifuate ilipo.